Mlio wa Mwasiti

Daktari Aikande alikuja mwenyewe mpaka kambini kuniomba mlio wa marehemu mke wangu. Nilimwacha asimame juani.

Alikuwa na viatu vyeupe vya zahanati, vimeshajaa vumbi jekundu la Shamba Namba Sita. Mimi nilikuwa kibarazani nachonga mpini wa jembe. Jembe lenyewe sina, lakini mikono haitaki kukaa bure.

"Shikamoo, mzee Mbelwa."

"Marahaba." Salamu siinyimi mtu, hata akiwa mtu wa Bodi, wenye shamba.

"Unaendeleaje na mlio?"

"Upo. Unataka kuusalimia?"

Hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu ili niuone mdomo wake vizuri, maana mlio unaonilia sikioni unafunika sauti zote nyembamba, na sauti ya mwanamke naisikia nusu, nusu nyingine naisoma mdomoni.

"Tumepata njia ya kuuzima," akasema. "Safari hii hatuuhamishi kichwa kwa kichwa, tunauzima kabisa, kwa watu wote wa korona. Lakini tunauhitaji wa mama Mwasiti."

Niliendelea kuchonga.

Nieleze kidogo, maana anayesoma haya huenda hajawahi kufika Sita. Mkonge wetu si wa kamba za kufungia mbuzi. Singa zetu, nyuzi za mkonge huo, zinakwenda baharini kufumwa ile kamba kubwa inayopandisha mizigo mpaka angani. Mimi nimeiona kwenye picha tu. Kamba hiyo inakula singa, haishibi, na kila mwaka Bodi inataka zaidi ya mwaka uliopita.

Zamani korona, mashine ya kuchunia mkonge, ilikuwa na meno. Ililia ikasikika mpaka kilima cha tatu, na babu zetu walioilisha majani walizeeka viziwi. Halafu Bodi ikaleta korona mpya isiyo na meno. Inachuna jani kwa mawimbi. Unaweka jani, jani linatetemeka, ukijani wote unamwagika kama povu, inabaki singa nyeupe kama ndevu za mzee. Wala husikii kitu. Siku ya uzinduzi meneja wetu, Bwana Kiswaga, alipanda juu ya pipa akasema, "Sikilizeni wenyewe. Kimya! Sasa mnataka vizibo vya masikio vya kazi gani?" Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Mwasiti alichaguliwa miongoni mwa walishaji watatu wa kwanza. Kabla ya hapo alikuwa anapika uji wa watoto wa chekechea, masikio yake hayajajua mashine. Alikuwa mtu wa kusikia kuku akitembea kwenye mahindi ya jirani. Mimi nilikuwa mkataji, kazi ya nje, panga na miiba tu.

Sasa kuna jambo letu la Sita ambalo wageni hawalijui. Tumerithi kwa babu zetu wa korona ya meno. Mlishaji mpya sikio likianza kumlilia, tunasema sikio limekomaa. Amekuwa mtu wa korona. Panapikwa, wenzake wanakuja, kila mmoja anamvuta ndewe ya sikio, wanakula, wanacheka. Hakuna anayekwenda kuripoti zahanati. Nani anaripoti kukomaa?

Mwasiti alirudi jioni moja anacheka. "Mume wangu, limeanza. Kuna nyenje mmoja humu ndani."

Nikachinja jogoo. Mwenyewe, kwa mkono huu. Na nikamvuta sikio kabla ya wengine wote. Nimekula vitu vingi katika maisha yangu, lakini jogoo yule ladha yake haijanitoka mdomoni mpaka leo.

*

Nyenje hakuondoka. Mwaka wa pili usingizi ukamkimbia. Mwaka wa tatu akawa anasahau chumvi, anasahau majina, anakaa ameshika kichwa kama mtu anayebeba ndoo. Bodi ikampa ruhusa ya kukaa nyumbani, kama ilivyowapa wote waliolalamikia mlio.

Dada yake mkubwa alichoma kitunguu kwenye majivu, akakikamua, akamtilia matone ya moto moto. Hakikufaa. Tukatia mafuta ya nyonyo. Akaja mzee mmoja akamuumika kwa pembe nyuma ya sikio, damu nyeusi ikatoka, nyenje akabaki. Tukafukiza ubani, moshi tukaupitisha sikioni kwa bua la jani la mpapai. Zahanati ikatoa dawa ya matone. Halafu ikatoa kidude kinachotoa sauti ya mvua, akivae sikioni. Mwasiti akakivaa siku tatu, akanirudishia. "Sasa nyenje analoa tu," akasema.

Kitu kimoja tu kilimpumzisha. Ile mashine ya kusaga ya Hoza, pale dukani, kizee cha mashine kinachotoa moshi na kutikisa kuta. Ngurumo yake ilimfunika nyenje. Mwasiti alikuwa anakwenda mchana, anajilaza juu ya magunia ya pumba, analala mdomo wazi. Watu waliokuja na mahindi yao walimkuta mweupe, unga mpaka kwenye kope. Nilikuwa namfuata, namfuta uso kwa upindo wa khanga yake, namrudisha nyumbani.

Daktari Aikande alikuwa mgeni wakati huo. Nilipomsimulia habari za mashine ya kusaga, alisahau hata kuandika.

"Mzee, unajua karne kadhaa zilizopita tabibu mmoja Ufaransa alimfanyia mgonjwa wake hivyohivyo? Alimpeleka akalale kwenye kinu cha maji, kelele za kinu zifunike za sikio. Na kabla yake, Misri ya mafirauni, walimimina mafuta na ubani sikioni kwa utete. Babeli walimnong'oneza mgonjwa maneno ya uganga sikioni. Baadaye wengine wakapitisha umeme."

"Umeme sikioni?"

"Sikioni."

"Kwa hiyo umesoma miaka yote hiyo," nikamwambia, "ili uje ufike pale alipo shemeji yangu na kitunguu chake."

Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. "Sisi tumewazidi kwa jambo moja tu. Tunaweza kuuhamisha."

Akainama, akachora kwa kidole kwenye vumbi la sakafu. Ndani ya sikio, alisema, kuna vinywele vimejipanga kama nyasi, na kila kinywele kina sauti yake. Vya sauti nene viko huku ndani, vya sauti nyembamba viko huku mlangoni. Mawimbi ya korona yanaunguza vile vya mlangoni. Sasa ubongo unasubiri ile sauti nyembamba iliyozoeleka, unasubiri, haiji. Basi unaitengeneza wenyewe.

"Kama mama anayeendelea kumpakulia mtoto aliyekwisha kusafiri," akasema. "Sikio linalia palepale lilipokufa."

Neno hilo nilitembea nalo nyumbani. Sikujua kwamba nitalihitaji tena.

Mlio, basi, haukai sikioni, unakaa kichwani. Na walikuwa wamegundua namna ya kuung'oa na udongo wake, kama mche, wakaupanda kwenye kichwa kingine. Hauna nakala. Ukitoka umetoka. Na kichwa kimoja kinabeba mmoja tu.

"Pandeni kwangu," nikasema.

Mwasiti alikataa kwa mikono, maana watu wa korona wakikasirika wanasema kwa mikono. Aliniita mpumbavu kwa vidole vyote kumi. Halafu akalia. Halafu akalala kwenye kitanda cha zahanati, mimi nikalala cha pili yake, wakatufunika vichwa kwa vile vyungu vyao vya nyaya.

Nilipoamka, nyenje alikuwa kwangu. Yeye alikuwa amelala. Alilala siku mbili nzima, na mimi nikakaa pembeni yake nasikiliza kile alichokibeba miaka minne. Si sauti moja tu iliyonyooka. Ndani yake kuna mtetemo mdogo, kama unataka kukoma, halafu unaghairi. Ningeweza kuutambua kati ya milio elfu.

Miezi saba alikuwa mtu. Alinona. Alirudia kunitania mbele za watu.

Halafu Bodi ikaandika kwenye kitambulisho chake MZIMA. Walikuwa wameuondoa mlio tu, kusikia hawakumrudishia, maana nyasi zilizoungua hazioti. Lakini kwenye fomu yao palikuwa na swali moja: je, mfanyakazi analalamikia mlio? Halalamiki. Basi mzima. Rudi kazini.

Siku ya kumi na mbili alikuwa anavuka reli ndogo kwenda uwanja wa kuanikia, mzigo wa singa kichwani. Treni ya majani ilikuwa inarudi kinyumenyume. Ikapiga honi. Honi ile ilikuwa nyembamba kama sindano, watu waliokuwa hatua ishirini waliziba masikio. Mwasiti alikuwa amewapa mgongo. Aliendelea kutembea.

Waliniambia hakuteseka. Kila aliyekuja kunipa mkono alisema hivyo, na Bwana Kiswaga alisema mara mbili.

*

"Kwa nini wa kwake?" nilimuuliza daktari siku ile ya viatu vyeupe. "Kambi nzima inalia. Chukueni popote."

"Milio mingine yote imechanganyika. Huyu alipiga kokoto zamani, yule aliwahi korona ya meno. Mama Mwasiti alikuja na masikio safi, wenzake wawili wa mwanzo wameshafariki. Mlio wake ndio korona mpya peke yake, hauna kitu kingine ndani. Tukiupata huo, tunaunda sauti ya kinyume chake. Mlio na kinyume chake vikikutana, vyote viwili vinanyamaza. Ukishaundwa mmoja, wengine wote tunawapimia hapo."

"Na huu wangu?"

Alitazama mpini wangu wa jembe. "Utatumika wote, mzee. Hautabaki."

"Basi hapana."

"Nadhani mama Mwasiti angependa—"

"Usiniambie mke wangu angependa nini. Ulimwandikia mzima."

"Fomu ile si yangu. Ililetwa na Bodi."

"Mkono ulikuwa wako."

Alisimama, akapangusa magoti, akaenda. Mimi nikaona nimeshinda. Nilikuwa na hesabu yangu kichwani: mlio unamweka mtu nyumbani. Ukimtoa mlio, wanamrudisha kwenye korona na kwenye reli, kama walivyomrudisha Mwasiti. Mimi ndiye niliyemwondoa nyenje aliyekuwa amemshikilia mke wangu nyumbani. Sitawafanyia hivyo watu arobaini wa korona.

*

Kesho yake mchana akaja Mwajabu. Huyu ni mtoto wa yule dada mkubwa wa Mwasiti, mwenye kitunguu. Ananiita baba mdogo. Alichukua nafasi ya Mwasiti kwenye korona, na ana mtoto wa kunyonya anaitwa Tunu. Alikuwa amembeba mgongoni, na uzi wa singa umefungwa mguuni kwa mtoto, ncha ya pili kwenye kiganja cha mama.

"Uzi wa nini huo?" nikauliza. Sauti yangu ni nene, anaisikia.

"Akilia simsikii. Akirusha mguu ndiyo najua." Aliketi bila kukaribishwa. "Nimeambiwa umeubania mlio, baba mdogo. Umeufungia sandukuni pamoja na kanzu ya Idi."

"Nani kakutuma?"

"Usingizi. Mwezi mzima tunatafutana."

"Ukipona watakurudisha kazini, Mwajabu. Ndivyo walivyomfanya mama yako mdogo."

Akanitazama kama anamtazama mtu aliyekuja harusini na nguo za msiba.

"Kunirudisha wapi? Sasa hivi natoka huko. Nimelisha majani tangu asubuhi." Alinionesha vidole, vimepauka kwa povu la mkonge. "Ile ruhusa ya kukaa nyumbani kwa ajili ya mlio waliifuta mwaka jana. Walisema wanaolalamika wamezidi. Baba mdogo, hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Au niliambiwa na mtu mwenye sauti nyembamba.

"Kwa hiyo unamlinda nani?" akauliza.

Niliokota kisu, nikakiweka chini. Tunu alirusha mguu, uzi ukavutika, Mwajabu akamzungusha mbele akampa ziwa bila hata kutazama.

"Sina kitu kingine chake," nikasema. "Picha ziliungua kwenye nyumba ya kwanza. Hii ndiyo sauti yake iliyobaki."

"Si sauti yake." Alisema taratibu, kwa hasira. "Sauti yake mimi naikumbuka. Mama mdogo alikuwa akicheka kama mtu anamwaga karanga kwenye sinia. Huo ulio nao ndio uliokuwa unamla."

Hakuaga. Nilimwona anavuka uwanja, mkono mmoja juu ya uzi.

*

Ofisini kwa meneja nilikwenda na shati la Ijumaa. Daktari Aikande alikuwepo. Bwana Kiswaga alinipa kiti na soda, na nikajua hapo hapo kwamba hatanipa kingine.

"Mlio nitautoa," nikasema. "Kwanza funikeni ile korona. Iwekeni kwenye chumba chake, mlishaji akae nje."

"Mzee wangu, kwa chumba itapunguza kasi. Kamba ya angani haisubiri."

"Basi zamu iwe nusu siku."

"Hilo linaamuliwa na Bodi."

"Basi warudishieni ruhusa wenye mlio."

"Watakuwa hawana mlio tena, si ndiyo raha yenyewe?" Alicheka, akamgeukia daktari acheke naye. Daktari hakucheka. Bwana Kiswaga akaweka soda yake mezani kwa kishindo kidogo. "Halafu tuelewane, mzee Mbelwa. Mlio uliotolewa kwenye zahanati ya Bodi, kwa mitambo ya Bodi, kisheria ni wa Bodi. Naweza kuleta askari. Sitaki, kwa sababu nakuheshimu."

Nilitazama ukutani. Palikuwa na picha ya kamba, nyeupe, imetoka baharini inapotelea mawinguni. Sijui ni uzi upi pale ndani aliouchuna Mwasiti.

"Honi," nikasema.

"Honi gani?"

"Ya treni ya majani. Muitoe. Muweke nene, ya lori, kama ng'ombe. Wanawake wa korona sauti nene wanasikia."

Bwana Kiswaga alinikazia macho, nadhani alikuwa anatafuta mtego uko wapi. "Honi? Honi tu?"

"Honi."

"Ijumaa fundi anakuja," akasema, na akaandika, na uso wake ukapona kama wa mtu aliyeponea chupuchupu. Wakubwa ndivyo walivyo. Wanakupa haraka kile kisichowauma. Niliingia mle na masikio ya watu arobaini, nikatoka na honi.

Nje daktari alinifuata. "Ningeweza kusema kitu mle ndani," akasema. "Kuhusu fomu. Nilitaka kusema."

"Ungesema."

"Ndiyo," akasema. "Ningesema."

*

Walinifunika chungu cha nyaya Jumanne asubuhi. Daktari aliniuliza kama nataka dakika chache peke yangu nao. Nikasema nimekuwa nao miaka sita, dakika chache zitaongeza nini? Lakini alipogeuka kuosha mikono, niliusikiliza. Ulikuwa uleule, unataka kukoma, unaghairi. Nikamvuta sikio Mwasiti kwa mawazo, sikio lile la siku ya jogoo, na safari hii nikamwambia, twende zahanati, mama, twende leo leo.

Nilipoamka, nilisikia kiatu cha daktari kikisugua sakafu. Nikasikia tone la bomba, kunguru kwenye bati, tumbo langu mwenyewe. Nikautafuta mlio. Nilijaribu kuuvuta kwa mluzi, daktari akanitazama kwa huruma, nikaacha. Mluzi wa kwanza ulikuwa chini mno, wa pili juu mno, wa tatu sikujua tena nautafuta nini. Miaka sita mchana na usiku, na ulikuwa umetoka kichwani kama jina la mtu uliyesafiri naye basi moja.

Nilitembea kurudi kambini nikiwa nimeshika ukuta, wa kwanza wa udongo, wa pili wa matofali. Kimya kilinipa kizunguzungu.

Nilipofika kwenye reli, treni ya majani ilikuwa inarudi kinyumenyume. Ikapiga honi.

Nilikaa chini. Nilikaa palepale kwenye kokoto, na shati langu la Ijumaa.

Ilikuwa yeye. Sauti ileile, urefu uleule, mtetemo tu ndio haukuwepo. Miaka sita nimepita hapa, na honi ile sikuwahi kuisikia, kwa sababu mlio ulikuwa umeifunika, sauti imelala juu ya mwenzake. Sikio linalia palepale lilipokufa. Mwasiti hakuisikia honi kwa sababu sikio lake lilikuwa limekufa pale pale, na pale lilipokufa ndipo lilipokuwa linalia. Kitu kilichomuua na kitu alichoniachia vilikuwa sauti moja.

Jumatano nilikwenda relini. Alhamisi nilikwenda asubuhi na jioni, na kigoda. Dereva wa treni, kijana wa Hoza mwenye mashine ya kusaga, alinipungia mkono. "Mzee, unangoja mgeni?" Nikamwambia pita zako, piga honi upite.

Mwajabu alitibiwa Jumatano hiyohiyo. Nilipopita kwake alikuwa amelala sakafuni mlangoni, hakufika hata kitandani, na Tunu amekaa kifuani kwake anamchezea shanga. Uzi bado ulikuwa umefungwa mkononi. Dada yake Mwasiti, bibi yake Tunu, aliniwekea kidole mdomoni nisiseme kitu, na machozi yalikuwa yanamtoka. Niliondoka kwa vidole vya miguu. Jumatatu, nilisikia, atarudi kwenye korona. Kitambulisho chake kilishapigwa muhuri.

*

Fundi Kihiyo alikuja Ijumaa saa nne, amebeba honi ya lori begani kama mtoto wa mbuzi.

"Mzee, ndiwe uliyeomba hii?"

"Ndimi."

"Wanasema relini umehamia. Nikadhani umepata mchumba kwenye treni." Alipanda, akaanza kulegeza, akasimama. "Tena nimesahau spana namba kumi na saba. Ninayo hii ya kurekebisha, inaweza, lakini inakula kona za nati. Kama huna haraka nije nayo Jumatatu."

Jumatatu. Siku tatu nzima. Asubuhi na jioni, na kigoda.

Kwenye njia ya uwanjani wanawake walikuwa wanavuka na mizigo ya singa, nyeupe, inayumba, na migongo yao kwetu. Niliwatambua wote kwa mwendo. Baadhi yao tulikwenda kula kwao siku masikio yao yalipokomaa.

"Ipige mara moja," nikamwambia fundi.

"Hii ya zamani?"

"Hiyo."

Alipiga. Ikaenda ndefu, nyembamba, mpaka ukingo wa mkonge, na mimi nikafumba macho nikaifuata mpaka mwisho wake. Nilipofumbua, wanawake walikuwa wanatembea tu. Hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa.

"Ng'oa," nikasema.

"Na nati?"

"Nati, acha Bodi inunue nyingine. Ng'oa leo."

Ilimchukua muda mrefu, anatukana chini kwa chini. Aliponikabidhi ile ya zamani, nilishangaa wepesi wake. Nikaikumbatia ili nisiidondoshe. Akafunga ile nene, akaunga waya, akampa ishara kijana wa Hoza.

Ikalia kama fahali. Nilihisi kwenye nyayo.

Kule njiani mwanamke wa mwisho alisimama. Akageuka taratibu, mzigo wake ukayumba, akaushika kwa mkono mmoja. Akaitazama treni, akanitazama mimi. Halafu akatoka kwenye reli.

Ile honi nyingine ilikuwa bado ina joto mikononi mwangu.